Kangaga la Mama Nyabenda na lebo niliyoiandikia ndani ya gari

Wakuu, salaam. Nina hasira tangu 2014 na leo naitapika hapa. Chumvi sijaongeza hata punje.

Mimi ni mwenyeji wa Kasulu. 2013 nilipata kibarua cha kumwongoza mtaalamu wa mimea, mgeni, aliyekuwa anatafuta kangaga adimu.

Kangaga ni yale majani ya kivulini, hayatoi maua wala mbegu. Huku kwetu yamejaa mpaka kero, sasa utajuaje lipi ndilo?

Siku tatu, patupu.

Aliyelipata ni Mama Nyabenda, mama mtu mzima anayelima maharage bondeni, karibu na chemchemi ya kijiji. Alitutazama tunavyohangaika, akacheka.

"Mwana wanje, mwanangu we, mbona munaangalia juu tu? Geuza jani!"

Nikageuza. La kawaida lina vumbi la kahawia ukingoni. Hili lilikuwa na vidoa vya mviringo, safu mbili, na bua jeusi tii. Mtaalamu akapiga magoti kwenye tope. Akasema likithibitishwa, bonde lile halitaguswa.

Mama alifurahi sana, maana tajiri mmoja alishaanza kuliomba bonde afyeke alime.

Kurudi barabarani, tulikoacha gari kando ya shule, ni saa mbili kwa mguu. Tulifika hoi, GPS imeisha chaji. Mtaalamu akanipa lebo ya jani tulilochuma niandike, eti nina mwandiko mzuri. Nikauliza, mahali lilipopatikana niandike wapi.

"Andika hapa tulipoegesha. Inatosha."

Inatosha! Hilo neno linanichefua mpaka leo.

Mwaka uliofuata watu wa ofisi ya misitu wakaja kuthibitisha, na ramani na nakala ya lebo. Nukta ya kangaga iko wapi? Uwanja wa mpira wa shule! Wakazunguka magoli, wakaona nyasi na mbuzi, wakaandika kangaga halipo. Hawakuuliza mtu. Seriously, unatafuta mmea wa kivulini kwenye penalti?

Tajiri akapewa bonde. Miti ikaangushwa, kangaga likakauka, na kiangazi hicho chemchemi ikabaki tope. Mama Nyabenda sasa anateka maji ng'ambo ya mlima, na magoti yake mabovu.

Nilikwenda kumpa pole. Nikawaporomoshea wote: mtaalamu, ofisi, tajiri. Mama akanisikiliza mpaka nikamaliza.

"Ile karatasi waliyokuja nayo, aliyeiandika ni nani?"

"Mimi, mama."

"Na wewe njia ya chemchemi ulikuwa huijui?"

Akanipa ndoo, tukaenda kuteka.

Nilichojifunza: andika kitu kilipo, siyo gari lilipo. Bosi akikwambia inatosha na wewe unajua haitoshi, bisha, hata kibarua kiote nyasi.

Kama nawe umewahi kuandika uongo kwa mwandiko mzuri, njoo useme. Matusi yangu nayapokea. Ya Mama Nyabenda nilishayabeba kichwani, lita ishirini.