Folda ndani ya folda: nusura tuzibiwe njia ya mama

Wakuu, asalaam aleikum. Haya yamenikuta mimi mwenyewe hapa Old Town, na sitatia chumvi hata punje.

Shule niliachia darasa la nne. Malori yangu matatu pale Shimanzi nimeyapata kwa mikono hii.

Karatasi zangu zote zilikaa katika katoni moja. Unayoitoa, ukimaliza unairudisha mbele. Basi. Sikupoteza hata moja.

Binti yangu Rukia akarudi na digrii. "Baba, hii katoni ni aibu." Akaskani zote, akafanya folda, ndani ya folda, ndani ya folda. Karatasi zenyewe akazipanga kabatini vivyo hivyo. Nikamwachia, si ndiye msomi?

Juzi asubuhi natoka, nakuta fundi anajenga ukuta kwenye kichochoro chetu!

Hapo ndipo mama yangu hupitishwa na kiti cha magurudumu kwenda kusafishwa damu. Mlango mwengine ni ngazi tupu.

Jirani aliyemleta fundi kasimama, mikono kiunoni. "Una karatasi, mzee? Mimi ramani ninayo."

Karatasi ipo. Babu zetu waliandikiana kuwa njia ni ya nyumba zote mbili.

Rukia akafungua folda ya Nyumba. Hakuna. Muhimu. Ndani yake Muhimu Sana. Hakuna! Akaandika "kichochoro" kwenye search, ikaja tupu, maana kila skani aliipa namba tu. Huku nje nausikia mwiko wa fundi unakwaruza.



Mke wangu akapaza sauti toka jikoni: "Ile si iliandikwa kwa kadhi? Tazameni mambo ya dini!"

Dini. Vyeti. Vya Zamani. Iko hapo, katikati ya vyeti vya madrasa! Mpaka leo sijaamini.

Nikaitoa yenyewe kabatini, nikatoka mbio, msuli wa kiunoni nimeushika kwa mkono usinivuke. Jirani akaisoma mara mbili, akamgeukia fundi: "Bomoa."

"Na leo nilivyokuwa nimeunyoosha!" fundi akalalamika.

Sasa kompyutani folda ni moja tu, na kila faili ina jina refu: mwaka, kitu, mtu. Karatasi ile mimi naikumbuka kwa njia, Rukia kwa muhuri wa kadhi. Ukiitia droo moja, umemfichia mwenzio.

Nikamtambia Rukia kuwa katoni yangu haikupoteza kitu. Akanijibu: "Na katoni yako, Baba, ilijulikana na wewe peke yako. Kama ungekufa, je?"

 

Haya semeni, zenu mnaweka vipi? Na nani mwengine nyumbani anajua?