Friza ya Mama na Maneno Kumi na Mawili

Mama yangu huuza samaki wa kupaka kando ya barabara ya Diani, na pesa zake za mtandaoni alizihifadhi ndani ya wimbo. Cheka ukitaka. Mimi siku ile sikucheka.

Ilianza kwa Mzungu mmoja aliyepanga nyumba nyuma ya kibanda chetu. Alikula kwetu kila siku, akimlipa mama kwa bitkoini. Alimweleza kwamba hizo ni pesa zisizo noti wala benki, zinakaa kwenye mtandao, na simu ni mlango tu. Ufunguo ni maneno kumi na mawili ya Kiingereza. Simu ikiharibika, maneno yatazifungua kwenye simu nyingine. Maneno yakipotea, hakuna meneja wa kumlilia. Na yeyote anayeyajua anaweza kuzichukua.

"Usiyaandike, mama, wala usimwambie mtu," akasema.

"Siri ya mtungi aijuaye kata," mama akamjibu. Alikubali malipo hayo kwa sababu alikuwa akitafuta friza. Samaki waliobaki jioni waliharibika, akawatupia paka huku machozi yakimlengalenga.

Sasa, mama Kiingereza hakijui. Kwenye maneno hayo mlikuwa na sungura, ndimu, daraja, vitu visivyo na udugu wowote. Akayatia kwenye mahadhi ya ngoma ya harusi, akayaimba akikuna nazi. Shangazi zangu wawili wanaomsaidia kazi wakaitikia. Ilipofika harusi ya kijiji cha Kinondo, uwanja mzima uliimba. Nami nilipiga vigelegele, mjinga mimi, nisijue tunashangilia nini.

Mchana mmoja Mzungu alitujia mbio kutoka hoteli ya jirani, nguo ya kuogelea ikimchuruzika maji. "Shikamoo mama! Wanaimba pesa zako!"

Kweli. Waimbaji wa hoteli walikuwa wameuokota wimbo kule harusini, na sasa waliutumia kuwapokea wageni.

Mama akafungua simu. Pesa zote zilikuwamo. Akashusha pumzi, simu ikamteleza, ikatumbukia kwenye chungu cha mchuzi wa nazi. Niliiopoa kwa upawa, imeshakufa.

"Si neno," Mzungu akasema, akitoa simu yake. "Nitajie maneno, mama."

Sungura alikuja. Ndimu ikaja. La tatu likamponyoka. Shangazi mmoja akadai linalofuata ni daraja, mwingine akaapa daraja ni la mwisho, wakaanza kugombana.

"Wallahi, mwanangu, friza yangu imekwenda," mama akasema, akaketi mchangani. Niliumia sana. Nilitamani kumzaba kofi yule Mzungu pamoja na mlango wake na ufunguo wake.

Tukaenda hotelini, tukasimama nje ya ua kungoja basi la wageni. Lilipofika, waimbaji wakaanza. Mzungu akabonyeza neno baada ya neno, mama amenishika mkono hadi vidole vikafa ganzi. Wimbo ulipokwisha, pesa zilikuwa zimerudi.

Kesho yake tulinunua friza. Pesa kidogo zilibaki, na Mzungu akamsihi mama afungue akaunti nyingine, yenye maneno mapya asiyoyajua mtu.

Mama alimtazama kwa huruma. "Na hayo nikiyasahau, mwanangu, nani ataniimbia?"