Fundi Aliyesali Ameshika Waya

Fundi huongea na kompyuta kama anayebembeleza mtoto mwenye homa. Ya mteja wake, Lupe, ina mifumo miwili, wa Lupe na wa mumewe. Wa mumewe ulishafuta nyimbo alizorekodi marehemu mama yake Lupe. Zimebaki kwenye kifaa cha mkononi tu. Mfumo wake Lupe ni mtupu, na ukitangulia kujinakili utakifuta hata kifaa. Fundi akatanguliza kifaa kinakili nyimbo kwenye kompyuta, akasimama kuubana waya uliolegea. Kengele ya sala ya jioni ikalia kijijini, saa ambayo kila mtu lazima aketi.

“Fundi, kaa chini. Wazee watakutoza faini ya nguruwe,” Lupe akasema.

“Nikiachia, dada, mama yako atakatika katikati.”

Akainamisha kichwa, macho kafumba, vidole vimeng’ang’ania waya, nyimbo za majirani zikipita dirishani kama usingizi. Baada ya amina, mama akakohoa kwanza ndani ya kompyuta, kama kawaida yake, ndipo akaimba.