Chupa Nne Ndani ya Gunia la Minza

Aibu hii naisema mwenyewe, tena mapema, kabla hamjaisikia kwa mtu mwingine ikiwa imetiwa chumvi: mimi, mwalimu wa darasa la sita na katibu wa mikutano ya kijiji, nilikamatwa mchana kweupe kwenye mzani wa pamba, chupa zikiwa zimefichwa ndani ya gunia la mke wangu, kijiji kizima kikinitazama na wanafunzi wangu wakiwa wamepanda juu ya ukuta ili waone vizuri. Na hilo siyo baya lenyewe. Baya lenyewe nitalifikia, nipeni nafasi.

Mdogo wangu alikuwa shemasi, na upadrisho wake ulipangwa baada ya mavuno. Karamu ingefanyika kwangu, huku kijijini upande wa Sapiwi, kwa sababu mimi ndiye mkubwa na ndiye mwenye nyumba ya bati. Sasa padre mmoja mzee, mgeni aliyekaa kwetu miaka mingi hadi Kisukuma chake kikawa kimenyooka kuliko changu, alikuwa anarudi kwao, akaniita akanipa chupa nne za divai nyekundu, siyo ile ya kupimiwa kwa glasi pale Bariadi mjini, hii ilikuwa ya kwao, ya zamani, yenye kizibo cha gome la mti. Akaniambia, "Hii ni ya meza ya askofu siku ya mdogo wako. Mwalimu, divai ni kitu hai. Uiweke penye baridi, penye giza, uilaze kizibo kisikauke, na usiitikisetikise." Nikamjibu, "Padre, hiyo niachie mimi." (Mnanijua. Nikishasema niachie mimi, hata mvua ya mawe hainirudishi nyuma.)

Nikaanza na uvungu wa kitanda. Siku mbili tu, nikapeleka mkono, nikakuta chupa ina uvuguvugu, maana nyumba ya bati ikipigwa na jua mchana, hata uvunguni mtu anatoka jasho. Nikazihamishia kando ya mtungi wa maji, pale palikuwa na ubaridi wa kweli, lakini kila anayekuja kuchota maji alikuwa anazigonga kwa kata, na divai ilikuwa haitakiwi kutikiswa. Sikukata tamaa. Nikachimba shimo chumbani, kina cha magoti, nikazilaza humo vizuri nikafunika kwa ubao, nikajisifu moyoni kwamba hata huko kwa padre wanafanya hivi hivi. Baada ya wiki moja nikafunua: mchwa! Karatasi za kwenye chupa wamezila zote, na walikuwa wameanza kujenga njia yao ya udongo kuelekea kwenye vizibo. Nilizitoa mbio nikazifuta kwa shati langu la kazini.

Ndipo nikapata wazo, na wazo lenyewe lilikuwa zuri, mpaka leo nalitetea. Pamba! Muuza barafu wa mjini si huwa anaifunika barafu yake kwa pumba za mbao isiyeyuke? Na pamba inazidi pumba. Mke wangu Minza, mnayemwita Mama Kulwa, alikuwa na magunia yake kumi na mawili chumba cha nyuma, yameshindiliwa kwa miguu, yameshonwa, yamelazwa gizani yakisubiri soko.

Lazima niwaambie kuhusu pamba ya Minza. Lile shamba ni lake mwenyewe, alilima mwenyewe, na kuchambua alichambua punje kwa punje, safi kando, fifi, ile ya daraja la chini, kando, hata jani kavu la ukubwa wa ukucha hukuti. Miaka yote pamba yake haijawahi kuitwa fifi, na akina mama wenzake walikuwa wakimtaja kwa hilo kama watu wengine wanavyotajwa kwa ng'ombe. Mwaka ule alitaka cherehani. Basi siku amekwenda kisimani nikafumua gunia moja kwa wembe, nikachimba katikati, nikalaza chupa zangu nne kama watoto wachanga, nikarudishia pamba, nikashona kwa shazia ile ile ya kushonea magunia. Sikumwambia. Nilijua angesema hapana, nami nilikuwa sitaki kuisikia hapana.

Mtaniuliza, hukuogopa soko? Jamani, sisi tulizaliwa tukaikuta pamba inanunuliwa na ushirika, na ushirika ulikuwa hauna haraka. Kwanza linakuja tangazo, halafu kikao, halafu mnaambiwa gari limeharibika, halafu kikao kingine. Mimi nilipiga hesabu zangu kwa mwendo huo: upadrisho utapita, divai itanywewa, ndipo mzani utakapofika. Lakini ndiyo kwanza biashara ya pamba ilikuwa imeachiwa huru, na wanunuzi binafsi walioingia walikuwa hawana tangazo wala kikao. Wanakuja tu.

Ilikuwa siku ya Alhamisi, nafundisha sehemu, nikasikia honi ya lori upande wa mnada. Darasa zima likageuza shingo. Mtoto wa dirishani akasema, "Mwalimu, wanunuzi! Tena Mama Kulwa yuko wa kwanza!" Chaki ikanianguka. Nilikimbia, sikuaga mtu, na wanafunzi nao wakaona mwalimu akikimbia ni ruhusa, wakanifuata.

Nilikuta Minza ameshahamisha magunia yote kwa mkokoteni wa ng'ombe wa jirani, yamepangwa mbele ya mzani, naye kavaa kitenge chake cha kanisani. Karani wa kampuni, kijana mwenye kalamu sikioni, alikuwa anapima gunia la pili. Lile langu (nililijua kwa mshono, maana mimi nashona kama mtu anayekimbizwa) lilikuwa la tatu. Sasa hapo mwanamume mwenye akili angesema ukweli. Mimi nikasogea nikasema kwa sauti ya kitaalamu, "Karani, hili tuliache kwanza, nadhani lina unyevu."

"Unyevu gani, Baba Kulwa?" Minza akanigeukia. "Hiyo pamba nimeianika siku nne! Pima, karani. Pima hilo hilo."

Na Jumapili yake, naomba mnisikilize hapa, Jumapili iliyotangulia mimi mwenyewe nilikuwa nimesimama mkutanoni nikahutubia kijiji juu ya watu wanaotia maji, mchanga na mawe kwenye pamba ili uzito uongezeke. Nilisema ni wizi. Nilisema watatufukuzia wanunuzi. Nilipigiwa makofi.

Karani akanitazama, akamtazama Minza, gunia likatundikwa mzanini, akachukua nondo yake nyembamba akaichoma kwenye gunia. Ikaingia vizuri, halafu ikasema kling'. Akaichoma tena. Kling'. Akawaambia vibarua, "Shusheni hilo gunia," nao kwa hasira wakaliachia kutoka juu ya kulabu, likatua juu ya mawe yale yanayoshikilia miguu ya mzani, tukasikia kitu kinapasuka ndani, kikapasuka na kingine, na pamba nyeupe ya mke wangu ikaanza kuwa nyekundu, taratibu, kutoka katikati kwenda pembeni.

"Mininga!" mama mmoja akapiga yowe. "Damu! Kuna damu kwenye pamba!" Watu wakarudi nyuma, mwingine akakanyaga kuku. Karani hakurudi. Alifumua gunia kwa kisu, akatoa kipande cha chupa, akakiinua juu watu wote wakione.

"Mayu," akamwambia Minza, yaani mama, "hii ni nini?"

"Sijui," Minza akasema.

"Gunia ni lako?"

"Ni langu. Lakini hicho sikijui."

"Wote huwa hawajui," karani akasema, na watu wakacheka. Akafunga daftari. "Sikilizeni. Mimi sinunui kwenye kijiji chenye mchezo huu. Teremsheni mzani." Hapo kicheko kikakatika, maana nyuma ya Minza kulikuwa na foleni ya mikokoteni hadi barabarani. Wakaanza kumgeukia yeye. Mzee Ngasa, jirani yetu, aliyekuwa akiwapa binti zake mfano wa Minza kila msimu wa kuchambua, akatikisa kichwa akasema, "Mama Kulwa, hata wewe?" Mwingine nyuma akasema mwizi. Alisema kwa sauti ya chini, lakini sote tulisikia.

Sasa hapa ndipo lilipo lile baya lenyewe. Mimi nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka kwake, nikanyamaza. Niliifikiria hotuba yangu. Niliwafikiria wanafunzi ukutani. Nilimfikiria askofu, na mpaka nikafikiria (Mungu anisamehe) kwamba pengine lori likiondoka mambo yatapoa, nami nitamweleza Minza nyumbani polepole. Mke wangu alisimama pale na kitenge chake cha kanisani, mikono imemning'inia, anaitwa mwizi kwa kitu nilichokifanya mimi, na mimi nikawa natazama viatu vyangu. Zilikuwa dakika mbili. Labda tatu.

Halafu nikaona kidevu chake kinatetemeka. Minza nilikuwa nimemuoa miaka kumi na mmoja, alizaa mapacha bila kulia, sikuwa nimepata kuona kidevu chake kinatetemeka.

"Ni mimi!" nikapiga kelele, tena kwa nguvu hadi sauti ikakwaruza. "Chupa ni zangu! Ni divai ya padre, ya upadrisho, nimeziweka mimi zisipate joto, yeye hajui kitu!"

Mnadhani walinisikitikia? Walicheka hadi wengine wakakaa chini. Anayeiba akakamatwa lazima awe na hadithi, lakini hadithi ya chupa kulazwa ndani ya pamba zisisikie joto walikuwa hawajawahi kuisikia. Karani akasema, "Mwalimu, unamsitiri mkeo, ni vizuri, lakini mimi naondoka," akapanda mbele ya lori. Basi nikaenda nikakaa chini mbele ya tairi. Nilikunja miguu kabisa, suruali ya kazini kwenye vumbi. Dereva akapiga honi, nikamwambia apige mpaka betri iishe. Nikasema siondoki hapa mpaka yafunguliwe magunia yote kumi na mawili, moja moja, hadharani, na kikipatikana kitu kingine hata kijiwe, mnipeleke polisi kwa miguu yangu.

Karani alikaa akaona sina mzaha. Akashuka. Nikatandika turubai nikaanza. Nilifumua gunia la kwanza nikamwaga, nikapitisha pamba yote mikononi, kiganja kwa kiganja, kila mtu akitazama, nikarudishia, nikaingia ndani nikashindilia kwa miguu, nikashona. La pili. La nne. Jua lilikuwa utosini, mgongo ukaniuma, vidole vikachubuka kwa ile shazia, na Minza hakunisaidia hata kidogo, alikaa juu ya mkokoteni akinitazama. Nilipofika gunia la saba Mzee Ngasa alikuja kimya kimya akapiga magoti kando yangu akaanza kupitisha pamba na yeye. Hakuomba radhi. Baada ya muda akasema tu, "Hii pamba ni safi, nani atasema siyo." Kisha wakaja wengine.

Chupa mbili zilikutwa nzima. Karani aliifungua moja kwa kusukuma kizibo ndani kwa kalamu, akanusa, akaonja, akamwonjesha Mzee Ngasa ili awepo shahidi. Mzee akatema. "Chungu kama dawa ya josho! Na hii ndiyo uliyoilaza kama mtoto?" Hapo nikacheka na mimi, nilikuwa sina namna. Mzani ukasimamishwa upya. Magunia kumi na moja yakaandikwa safi, na lile moja, hata ile sehemu iliyobaki nyeupe, likaandikwa fifi. Karani alipolitamka hilo neno Minza akafumba macho. Foleni ikaendelea hadi lori likawashwa taa, kila mtu akauza, na wengine walipopita karibu yangu walinishukuru, "Wabeja, Mwalimu," kwa ile sauti ya mtu anayezuia kicheko.

Nyumbani Minza aliichukua ile chupa iliyobaki akaisimamisha juu ya kabati la sebuleni, dirishani, juani, kila mgeni aione. Nilijua pale itaharibika. Sikuthubutu kufungua mdomo. (Iliharibika. Siku ya upadrisho askofu alikunywa soda kama watu wote, na hakulalamika.)

Alinipa chakula, akanipa na maji ya kunawa, nikadhani yamekwisha. Nikaanza kumwambia kwamba cherehani itapatikana tu, hata kama ni kwa mshahara wangu wote. Akasema cherehani siyo neno.

"Chupa nimekusamehe," akasema. "Gunia nimekusamehe. Lakini nilikuona, Baba Kulwa. Waliponiita mwizi nilikutazama wewe kabla ya mtu yeyote. Ulikuwa unasubiri nini?"

Swali hilo nimelibeba hadi leo, ingawa cherehani anayo na mapacha wamekua. Ndiyo maana hadithi hii naisimulia mwenyewe, tena mbele yake, na ndiyo maana nawaapia nyie rafiki zangu: siku mkinikuta nimenyamaza mahali jina la Minza linapochafuliwa, msiniulize kwanza kama nina sababu. Nipigeni.