Mtu wa Nyuma ya Farasi

Ncha ya kanga ya mama ilinuka mafuta ya nazi na vumbi la ukutani. Hata leo nikiipata harufu hiyo najiona nimesimama sebuleni kwetu Temeke, miaka ya Vita vya Pili vya Dunia, mbele ya picha ambayo baba alipewa na mzungu aliyemwajiri kuwa mpishi wake. Ilichorwa kwa rangi za maji: wapanda farasi watano wanapita katikati ya magofu ya kale, nguzo zimeanguka, kuta zimeota majani, na nyuma kabisa mtu mmoja anatembea kwa miguu, mzigo begani. Kioo chake kilivunjika siku baba alipoileta kwa baiskeli. Tukaitundika hivyo hivyo.

Baba akachukuliwa Keya, jeshi la Waingereza, akapelekwa vitani. Barua yake ya kwanza niliisoma mie, maana mama hakujua kusoma na mie nilikuwa darasa la pili, kiherehere kimenijaa. Hakuruhusiwa kutaja mahali alipo. Aliandika tu kwamba wanapita kwenye mawe mengi na majumba ya watu wa kale yaliyobomoka. Mama akaruka. "Si ndiyo hapa!" Akanivuta hadi kwenye picha. "Haya, msomi wangu, nioneshe. Baba yako yupi?" Ningeweza kusema sijui. Lakini alivyokuwa akinitazama, jamani, nilishindwa. Nikamnyooshea kidole yule wa nyuma, kwa kuwa baba hakuwahi kupanda farasi. Jirani yetu Mama Zuhura alicheka mpaka akakaa chini: "Shoga, mumeo anapigana kavaa kanzu na kilemba?" Nikajibu haraka kwamba ndiyo sare ya huko.

Tangu hapo, kila asubuhi mama alilowesha ncha ya kanga akampangusa vumbi yule mtu. Yeye tu. "Umeamkaje, baba Mwanaidi?" Wiki baada ya wiki niliona rangi ikihamia kwenye kanga: kilemba, kisha uso, kisha mzigo. Ningemwambia aache, asingekubali mpaka niseme kwamba nilidanganya. Nikamwacha apanguse. Siku tarishi alipoleta karatasi ya serikali, niliisoma mie pia: baba hajulikani alipo. Hakuna kaburi, na mama hakujua akae eda au aendelee kusubiri. Alikwenda kwenye picha, akapatazama pale palipobaki peupe, akasema, "Nimemfuta kwa mkono wangu mwenyewe." Alisema hivyo miaka yote hadi alipokufa. Mara ngapi nilifungua kinywa nimwambie yule hakuwa baba, nikakifunga!

Siku hizi vitukuu vyangu vinaongea na baba yao aliye ughaibuni kwa simu, vinamwona mpaka meno, halafu vinarudi kucheza. Picha ninayo, nimeitia kioo. Juzi kitukuu kimoja kiligusa pale peupe kikauliza, "Bibi, hapa alikuwepo nani?" Mama hayupo tena, hakuna wa kuumia nikisema kweli. Nikajikuta nasema, "Baba yangu."