Mwonja Udongo

Mwashi wa soko jipya hakuamini tope lolote mpaka alionje. Kila kikapu cha udongo wa kichuguu kilipofika, Zaitun mchota maji alimwona akitia chembe ulimini, akifumba macho, akitema, ndipo akiitikia kwa kichwa. Boma la Wadachi lingetoa fedha za paa la bati iwapo kuta za soko zingefika kimo kilichotakiwa kabla ya Jumamosi. La sivyo, fedha zingekwenda kwa soko la mji jirani wa Kilimatinde.

Alhamisi mwashi alionja ukuta uliojengwa na mafundi wengine alipokuwa akiumwa homa. Akatema.

"Una magadi. Mvua moja tu, utawaangukia watu," alisema, akiuwekea bega.

"Usiubomoe, baba! Kilimatinde watatucheka!" Zaitun alimsihi.

"Wacheke," alisema mwashi, akausukuma ukaanguka. Vumbi lilipotua, Zaitun aliweka mtungi chini, akachukua kikapu, akashika njia ya kichuguuni kabla hajatumwa.