Ndama Mkubwa wa Baba Mkwe

Ng'ombe wetu alitoka kwa baba mkwe. Mzee alitupatia ng'ombe huyo akiwa bado mtamba, mwekundu, mwembamba, mwenye pembe zilizomzidi mwili. Na kwetu Minago ukipewa ng'ombe, ndama jike wa kwanza unamrudisha kwa aliyekupa. Ndiyo shukrani yenyewe. Mume wangu hakutaka kurudisha kitu cha kuchekwa.

Akamwita daktari wa mifugo kutoka Rumonge, yule anayebeba mbegu za madume ndani ya mtungi wa baridi nyuma ya pikipiki. Mtungi ulipofunguliwa ulitoa moshi, nami nikarudi nyuma.

"Huyu iko mudogo," daktari alisema. "Na hajazaa bado. Nimupe mbegu ya dume ya hapa kwetu."

"Mupe ile ya Ulaya, kubwa," mume wangu akajibu. "Muzee atapokea ndama sawa mbuzi?"

Nilisema hapana. Nani alinisikia?

Tangu siku ile sikuwa na amani. Mtoto wangu mwenyewe alishindwa kupita, nikapasuliwa hospitali, kwa hiyo najua ninachokiogopa. Tumbo la ng'ombe lilivyozidi kutanuka, ndivyo nilivyokosa usingizi. Mume wangu alikuwa akimpapasa ubavu na kutabasamu peke yake. Nilimchukia kidogo, nasema ukweli.

Uchungu ulimshika asubuhi, kwenye michikichi nyuma ya nyumba. Kwato mbili zilitokeza, nene kama ngumi za mwanaume, zikakwama hapo hapo. Jua likapanda. Tukamwita daktari, akajipaka mawese mpaka begani, akaingiza mkono, akafunga kamba, wanaume wakavuta. Ng'ombe aliacha kulia, akawa ananitazama tu. Nilikaa chini, nimeshika pembe yake.

Ndama akatoka mzima. Jike, mweusi na mweupe, mkubwa kweli. Mume wangu akampigia baba yake simu kabla hata ya kunawa mikono.

Mama wa ndama hakuinuka. Tulimsukuma, tukamwekea majani mdomoni, tukambembeleza. Miguu ya nyuma haikuwa na nguvu hata kidogo.

"Mishipa ya miguu imebanwa na ndama," daktari alisema. "Kesho kama hajasimama, muite muchinjaji."

Baba mkwe alifika jioni, amevaa koti lake la sherehe. Mume wangu akamsogezea ndama. Mzee hakumgusa.

"Amahoro," alitusalimu. "Na ile niliwapa, iko wapi?"

Mume wangu aliendelea kumshika ndama. Nilimwonyesha mimi, kwa mkono, pale kwenye michikichi alipokuwa bado amelala.